Msikilize Kabla ya Kona

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi, na ndani ya hizo inapanda karibu mita 1000. Imechongwa ubavuni mwa mlima tangu enzi za Wajerumani: ukuta wa mawe upande mmoja, bonde upande wa pili, na Soni na maporomoko yake njiani. Anayetaka kujifunza kumtambua dereva wa pikipiki aliyeiva hana haja ya kwenda mbali zaidi. Kwenye barabara iliyonyooka kila mtu ni dereva. Huku kwenye milima ya Usambara hujamaliza kona moja nyingine inakungoja, na kila moja inatoa hukumu yake papo hapo.

Vijana wa vijiweni humpima mwenzao kwa namna anavyolaza chombo. Akikilaza mpaka pedeli inakwaruza lami, anaitwa fundi. Mimi hilo naliandika upande wa kasoro. Pedeli ikishagusa chini, ulazaji umekwisha. Akikuta mchanga au mbuzi mbele yake hana tena pa kuongezea. Kabla hujapanda, inama kidogo utazame ncha za pedeli na mguu wa stendi. Zikiwa zimelika upande wa chini, zinakueleza tabia ya mwenyewe bila wewe kumuuliza.

Kuna hesabu ndogo inayosaidia hapa. Chukua kona kali ya mlimani yenye nusukipenyo cha mita 20. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, pikipiki inahitaji kulala nyuzi 20 hivi kutoka wima. Kwa kilomita 40 inahitaji nyuzi 32. Kwa 50 inafika karibu nyuzi 45, na hapo tairi jembamba la Boxer au TVS, juu ya lami yenye vumbi, haliwezi tena kushika. Kutoka 30 hadi 50 mwendo umeongezeka kwa theluthi mbili tu, lakini mshiko unaodaiwa kwenye tairi umekaribia kuwa mara tatu. Ndiyo maana tofauti kati ya kona tamu na kona ya kuvunja mguu inaweza kuwa kilomita 10 tu kwa saa, na kilomita hizo hupunguzwa kabla ya kuingia. Ukishaingia ni deni.

Kwa hiyo nampima dereva kwa sikio kwanza. Kaa nyuma yake usikilize injini. Dereva aliyeiva utamsikia mapema: kona ikiwa bado mbali, sauti inashuka; gia inapungua moja, wakati mwingine mbili, bila chombo kushtuka; breki inabanwa, kisha inaachiwa; halafu mafuta yanarudi kidogo kidogo tangu pikipiki inapoanza kulala mpaka inaposimama tena. Dereva mbichi huunguruma hadi mdomoni mwa kona, sauti inakatika ghafla katikati, tairi la nyuma linalia, kisha anafungua mafuta kwa hasira akitoka, kana kwamba kona imemtukana.

Ule mkatiko wa katikati ndio unaopaswa kukutia wasiwasi. Pikipiki iliyolala inataka mafuta kidogo, yasiyobadilika ghafla, ili uzito ugawanyike vizuri mbele na nyuma. Ukiyafunga ghafla, uzito unarukia tairi la mbele, ambalo tayari lina kazi ya kugeuza chombo. Likielemewa, ama linateleza, ama pikipiki inaanza kutoka nje ya mstari wake. Na mkono unaofunga mafuta haufungi kwa kufikiri. Unafunga kwa woga. Keith Code, mwalimu wa Kimarekani aliyeanzisha shule yake ya uendeshaji California mwaka 1980, ameandika kwa kirefu juu ya vitendo hivi ambavyo mwili huvifanya wenyewe ukishtuka: kufunga mafuta, kukaza mikono, kukodolea macho kitu kimoja. Kila kimoja kinaonekana kama kujiokoa, na kila kimoja kinaharibu kona.

Nije kwenye breki, ambako vijiwe vimejaa imani za ajabu. Utaambiwa breki ya mbele inapindua, kwa hiyo bora kuisahau na kukanyaga ya nyuma. Wapo hata wanaolegeza waya wa mbele kwa makusudi. Ukweli ni kwamba unapofunga breki uzito huenda mbele, na tairi la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa zaidi wa kusimamisha. Aliyepinduliwa na breki hiyo aliikamata kwa ghafla, au aliikamata akiwa amelala, au juu ya changarawe. Ikibanwa taratibu, chombo kikiwa wima, ni rafiki. Mwaka 1981 ulitoka utafiti ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliochunguza kwa kina ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Katika ajali ambazo pikipiki ilianguka yenyewe bila gari lingine kuhusika, kosa la dereva ndilo lililoanzisha mambo katika theluthi mbili hivi. Kosa la kawaida lilikuwa kuteleza kwa kukanyaga breki kupita kiasi, au kutoka nje ya kona kwa sababu ya mwendo au kwa kutoigeuza pikipiki ya kutosha. Los Angeles iko mbali na Soni, lakini tairi la nyuma lililofungwa huteleza vilevile popote.

Nikiwa kijiweni huomba nishike mkono wa breki ya mbele, kwa kisingizio chochote. Ukifika kwenye mshikio bila kubana kitu, natafuta dereva mwingine. Natazama pia tairi. Lililolika katikati mpaka likawa bapa, mabega yake yakiwa bado na meno, halilali vizuri: chombo kinakataa kuinama, halafu kinaanguka ndani kwa mkupuo. Tairi kipara halihitaji maelezo.

Sasa mstari, ambao kwangu ndio kipimo kikubwa kuliko vyote. Kosa la wengi ni kuwahi. Dereva anaiona kona, anatamani iishe, anakimbilia upande wa ndani mapema. Pale mwanzoni kila kitu kinaonekana kizuri. Lakini aliyewahi ndani atatupwa nje mwishoni, kwa sababu kona bado inaendelea na yeye ameshatumia nafasi yake yote. Tanzania tunaendesha kushoto. Aliyewahi kwenye kona ya kushoto hutupwa upande wa magari yanayokuja. Aliyewahi kwenye kona ya kulia hutupwa ukingoni, ambako kuna changarawe, mtaro au bonde. Dereva mzuri anasubiri. Anabaki upande wa nje wa njia yake mpaka aone kona inakoishia, ndipo anaigeuza pikipiki mara moja, kwa uamuzi, na haigusi tena. Ukimhesabu, katika kona moja amegeuza usukani mara moja tu. Dereva mbichi atarekebisha mara nne au tano, na kila rekebisho utalisikia kiunoni mwako.

Kusubiri huko kunahitaji macho yaliyofundishwa. Polisi waendesha pikipiki wa Uingereza hufundishwa kutazama mahali ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana mbele. Mahali hapo pakikukimbia, kona inafunguka na unaweza kuongeza mafuta. Pakisimama palepale huku wewe unasogea, kona inazidi kujikunja, na ulipaswa kuwa umeshapunguza. Madereva wengi wa Lushoto wanalijua hili bila kufundishwa na mtu. Utawajua kwa kofia: kofia ngumu ya dereva wa namna hii inageuka kabla pikipiki haijageuka, kidevu kikielekea anakotaka kutokea. Ambaye kofia yake imebaki ikitazama tairi la mbele, au ukingo anaouogopa, ataufikia ukingo huo. Pikipiki hufuata macho.

Kwenye kona ya kulia kuna mtego mmoja ambao hata wazoefu huusahau. Matairi yanaweza kuwa ndani ya njia yako kabisa, karibu na mstari wa kati, lakini ukilala kulia kichwa chako kimeshavuka upande wa pili. Coaster inayoteremka haitajali kwamba matairi yako yalikuwa halali. Na kwenye kona za kujikunja kabisa, lori refu haliwezi kupita bila kutumia barabara yote. Dereva aliyeiva akilisikia linakuja, anasimama pembeni kabla ya kona na kulipisha, wala haoni aibu. Wa kijiwe cha ubishi anapiga honi na kuingia.

Mikono sasa. Wengi wanaamini pikipiki hugeuzwa kwa kiuno. Kiuno kinasaidia, lakini chombo kikishashika mwendo kinachokigeuza ni msukumo mdogo kwenye usukani: unasukuma mshikio wa kulia mbele, pikipiki inalala kulia. Ukieleza hivi kijiweni utachekwa, mpaka mtu ajaribu. Keith Code alitengeneza pikipiki yenye usukani wa pili uliofungwa kwenye fremu, usiogeuka, wenye mafuta yake, ili wanafunzi wajaribu kuigeuza kwa mwili peke yake. Waliyumba, na pikipiki ikaendelea karibu mbele moja kwa moja. Kwa abiria, alama yake ni viwiko. Vikiwa vimelegea na kukunjika, mtu huyu ana uwezo wa kusukuma. Vikiwa vimenyooka na kukaza, anajishikilia tu, na siku kona itakapomshtukiza hatakuwa na mkono wa kuitibu.

Siku hiyo humfikia kila dereva, na hapo ndipo pa kutenganisha stadi na mwenye bahati. Ameingia kwa mwendo uliozidi kidogo. Mbichi anafunga mafuta, anakanyaga breki ya nyuma, anakodolea bonde, na anatoka nje ya barabara akiwa bado na nyuzi kadhaa za kulaza ambazo hakuzitumia. Stadi anaondoa macho bondeni, anayapeleka mwisho wa kona, anasukuma mshikio wa ndani zaidi kidogo, na mafuta anayaacha yalivyo. Ukiwa nyuma unaweza usijue kwamba kulikuwa na kosa. Labda utaona tu kwamba kona iliyofuata aliianza mapema zaidi. Dereva anayejirekebisha namna hiyo bila maneno namthamini kuliko yule asiyekosea kwa sababu kila siku ni barabara ileile.

Mvua ina sheria zake, na ya hatari zaidi ni ile ya dakika za mwanzo, vumbi na mafuta ya magari yanapochanganyika na maji kabla hayajaoshwa. Mwenye akili hupunguza hata kama lami inaonekana imelowa kidogo tu. Kuhusu mishikaki, yaani kubeba abiria zaidi ya mmoja, sina mengi. Uzito wa abiria wawili haubadilishi sana ulazaji unaotakiwa, lakini unashusha shokapu, unaleta pedeli karibu na lami na kurefusha umbali wa kusimama. Anayekubali kubeba watatu kushuka Mombo ameshajieleza.

Abiria naye ana wajibu. Kaa ukiwa kama sehemu ya dereva, tazama juu ya bega lake la upande wa ndani wa kona, ulale naye bila kumzidi wala kumpinga. Anayejivuta upande wa pili kwa woga anamlazimisha dereva kulaza chombo zaidi ya ilivyohitajika. Na usimsemeshe. Dereva mzuri utamkuta anakatiza stori yake mwenyewe katikati ya sentensi kona ikikaribia, kisha anaiendeleza akishatoka.

Mtihani wa mwisho ni kuteremka, na unaanza pale juu. Sikiliza gia. Anayeshuka kwa namba mbili, injini ikimshikilia, breki akizigusa kwa vipindi, anajua breki za ngoma zikichemka hupoteza nguvu. Lakini wapo wanaokamata klachi, wanaweka nyutro, na wengine wanazima kabisa ili kuokoa petroli. Hapo hakuna injini ya kumshika, hakuna mafuta ya kutuliza chombo katikati ya kona, na kazi yote imebaki kwa breki mbili ndogo zinazozidi kupata moto. Ukisikia injini imenyamaza na upepo tu ndio unaovuma, mguse bega. Mwambie, "Kaka, weka gia." Akicheka, mwombe asimame, mlipe nauli ya mpaka hapo, usubiri mwingine.