Kiwavi "Muuaji" na Klipu Zinazoruka Nusu ya Habari

Andika "kiwavi hatari zaidi duniani" kwenye simu yako, utaletewa Lonomia obliqua wa kusini mwa Brazil. Muziki wa kutisha, miiba imejaa kioo kizima, halafu sauti nzito: "Muuaji!" Nimetazama klipu kadhaa. Sisemi zinadanganya kuhusu hatari. Watu wamekufa kweli. Shida ni kwamba ukimaliza kutazama bado hujui ajali yenyewe hutokeaje.

Jibu limo kwenye maisha yake ya kila siku. Usiku viwavi hawa hupanda juu kula majani. Mchana, hasa wakishakua, hushuka na kutulia kwa makundi kwenye shina, rangi yao ikifanana na gome. Sasa fikiria mkulima anapanda mti kuchuma matunda, anashika shina bila kuangalia. Hakuna aliyemshambulia! Ameminya viwavi wengi kwa mkupuo, na kadiri miiba inavyokuwa mingi ndivyo sumu inavyozidi. Neno moja tu, "mchana angalia shina", lingemsaidia mtu kuliko huo muziki wote.

Halafu ati sumu "inayeyusha damu". Hapana jamani. Inaanza kwa kuigandisha. Inaziamsha protini za kugandisha damu, ikiwemo prothrombini, mpaka akiba yake inakwisha mwilini. Hapo ndipo fizi zinaanza kuvuja, na figo zinaweza kufeli. Mwanzoni mtu husikia kuungua tu pale alipoguswa, anadharau, anaendelea na kazi. Kumbe seramu ipo, Taasisi ya Butantan ya São Paulo inaitengeneza kwa kutumia farasi, na muhimu ni kuwahi hospitali. Klipu ngapi zimetaja hilo?

Nondo mwenyewe ndiyo kabisa hatumwoni. Akikomaa hana miiba, mabawa yake kama jani kavu, na hali chochote: siku zake chache ni za kupandana na kutaga mayai, akitumia akiba aliyoila akiwa kiwavi. Yumo kwenye familia ya Saturniidae, nondo wa hariri wa porini, ingawa yeye hafumi kifukofuko. Pupa wake hukaa chini, kwenye majani yaliyooza. Wenzetu wa Kongo wanakula viwavi wa familia hiyohiyo, kwa hiyo kichwa cha habari "viwavi wauaji" kinawasingizia wengi.

Ukikutana na klipu nyingine, tazama kama wanaonyesha shina la mti mchana. Mimi nimeliona mara moja, sekunde mbili hivi.