Fundi wa Chumba cha Giza

Waliowahi kuingia chumba cha giza cha studio, taa nyekundu juu na harufu ya dawa puani, wanajua kwamba kusafisha picha kulikuwa ufundi hasa. David Malin, Mwingereza aliyesomea kemia kisha akaenda kupiga picha za anga Australia, ndiye ninayemvulia kofia.

Darubini ya Schmidt iliyoko Siding Spring ilinasa anga kwenye mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa. Ukungu wa kemikali hutapakaa katika unene wote wa dawa hiyo, ilhali mwanga hafifu huacha alama karibu na uso tu. Malin aliulenga uso huo. Alilaza filamu juu ya bamba, akamulika kwa mwanga uliotawanywa, na nakala ikachukua zaidi ya juu kuliko ya chini. Kisha akapandanisha nakala za mabamba kadhaa, moja juu ya nyingine, hadi kilichokuwa uvumi kikawa umbo. Kazi ya kulipua isingefika hapo.

Mwaka 1986, akisaka galaksi ndogo upande wa kundi la Virgo, alikuta kidoa cha kawaida kimezungukwa na sahani pana, hafifu kuliko mwanga wa anga la usiku lenyewe. Kilikuwa mbali mno nyuma ya alichokitafuta, zaidi ya miaka ya mwanga bilioni 1. Leo galaksi hiyo inaitwa Malin 1, na upana wake unazidi wa galaksi yetu mara 5 na ushei.

Galaksi za namna hii nazo huwa na mashimo meusi katikati. Hayaonekani, lakini yanapimika: gesi ya haidrojeni inayolizunguka shimo kwa kasi huupanua mstari wake mwekundu kwenye spektra, na upana huo husaidia kukadiria uzito. Mengi yaliyopimwa hivyo ni mepesi, uzito wa Jua laki kadhaa hadi milioni kadhaa. La galaksi yetu ni Jua milioni 4. Jumba kubwa, mwenye nyumba mdogo! Nadhani ni upweke: nyingi kati ya galaksi hizi hazina majirani wa karibu wa kuzigonga na kusukuma gesi katikati, basi shimo hushinda na njaa.

Ukilishika bamba lenyewe lililonasa Malin 1 na kulielekeza dirishani, utaona kidoa tu.