Nyuma ya Karatasi

Ukipata hati ya mashtaka ya miaka ya 1800 kutoka Kentucky au Indiana, usihangaike na upande uliojaa maandishi. Huo ni wa mwendesha mashtaka, na maneno yake yalivuka bahari kutoka Uingereza yakiwa yamekwisha kauka: kwa nguvu na silaha, kinyume cha amani, na kadhalika. Igeuze. Nyuma, kwenye mikunjo ya karani, yamepangwa majina ya mashahidi, na karibu nayo kuna mwandiko mwingine, mara nyingi wa mkono uliozoea shoka kuliko kalamu: hati ya kweli. Halafu sahihi moja.

Kazi yote ya juri kuu imo katika maneno hayo mawili matatu. Wajumbe wake si kama wazee wa baraza tuliowajua sisi, waliokaa ubavuni mwa hakimu. Sherifu aliwaita kutoka mashambani, wasiopungua 12 na wasiozidi 23, jaji alipofika kwa farasi kwenye mzunguko wake. Walikaa peke yao. Pale ambapo mahakama ilikuwa chumba kimoja cha magogo, au sebule ya kilabu cha pombe, walikwenda kujadiliana ghalani au chini ya miti.

Kabla ya hapo waliapa, na kiapo chenyewe kilikuwa na ufundi wake. Kiongozi wao aliapa kwanza, peke yake, kiapo kizima. Wengine wakafuata watatu watatu au wanne wanne, wakiambiwa tu kwamba alichoapa kiongozi wao kwa upande wake, nao watakishika kwa upande wao. Wasimshtaki mtu kwa husuda, chuki wala kinyongo. Wasimwache mtu kwa hofu, upendeleo, mapenzi wala tamaa ya kupata chochote. Ya kikaoni yabaki kikaoni. Aliyekitunga aliwajua watu wa vijijini, tena vizuri. Mahali ambapo kila mmoja anamdai mwenzake ndama au siku ya kuvuna, hakuna anayeingia kwenye chumba hicho akiwa hana lake.

Hawakuulizwa kama mtuhumiwa ana hatia. Yeye hakuwapo, na mashahidi waliowasikiliza walikuwa wa upande mmoja. Waliulizwa jambo dogo zaidi, na kwa hiyo gumu zaidi: je, yaliyosemwa hapa yanatosha kumsimamisha mtu kizimbani? Ilitakiwa 12 wakubaliane. Mwenye kuwahi kukaa kikao cha harusi anajua kuwapatanisha watu 12 ni kazi gani, hata kama jambo lenyewe ni rangi ya sare. Wasipokubaliana, kiongozi aliandika kwamba hati si ya kweli. Zamani waliandika kwa Kilatini, ignoramus, yaani hatujui. Waingereza baadaye wakaligeuza neno hilo kuwa jina la mtu mpumbavu. Mimi naona mara nyingi lilikuwa ndilo neno lenye akili kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo.

Tena hawakungoja kuletewa kesi. Waliweza kuandika mashtaka yao wenyewe kutokana na waliyoyaona na kuyasikia: fulani kauza wiski bila leseni, fulani katukana hadharani kwa jina la Mungu, msimamizi wa barabara kaacha magogo yameanguka njiani na daraja limeoza. Huko Virginia na Kentucky waliongeza mwishoni kwamba taarifa imetolewa na wawili miongoni mwetu, na majina ya hao wawili yakaandikwa. Nimeipenda sana desturi hiyo. Siri ya kikao ilitunzwa, lakini mshtaki hakujificha nyuma ya umati, na jirani aliyeshtakiwa alijua nani wa kumuuliza.

Chumba hicho kilikuwa cha wanaume Weupe wenye mali. Wanawake hawakuingia, wala watumwa, wala wenyeji wa asili ambao barabara hizo zilikatwa juu ya ardhi yao. Mzungu wa mpakani alipomuua mmoja wa wenyeji hao, majirani zake waliketi, wakasikiliza, na mara nyingi wakaona hawajui. Kiapo kilikuwa kilekile.

Mtihani mkubwa ulikuja na Aaron Burr, makamu wa rais wa Marekani hadi 1805, aliyeshukiwa kukusanya watu na mashua ili aivamie Mexico ya Wahispania, au aimege nchi yake mwenyewe. Desemba 1806 juri kuu la Frankfort, Kentucky, liliwasikiliza mashahidi likakataa kumshtaki. Januari 1807 Rais Jefferson aliliambia Bunge kwamba hatia ya Burr haina shaka. Februari, katika mji wa Washington ulioko Mississippi, wakulima na wenye mashamba wengine waliapishwa mbele ya Jaji Thomas Rodney. Nao wakaona hakuna kosa. Kisha wakaishika kalamu wenyewe na kuandika malalamiko ambayo hakuna aliyewaomba: kwamba askari walitumwa dhidi ya mtu ambaye hakuwapinga maofisa wa raia, na kwamba watu walikamatwa na jeshi bila hati.

Jaji alikataa kumfungua Burr kutoka kwenye dhamana yake, na Burr akatoroka. Karatasi yao ilikuwa imekwisha pokelewa kortini.