Kitabu cha Deraya Hukaguliwa kwa Ribiti

Mtu akitaka kujua askari wa Ulaya wa karne ya 14 alivaa nini vitani, cha kuogopa kwanza ni kitabu chenye picha za kupendeza. Ndipo alipoteleza Samuel Rush Meyrick, Mwingereza aliyekusanya silaha za kale na kuchapisha majuzuu yake mwaka 1824. Alichungulia michoro na sanamu za makanisani, na kila msanii alipochora pete za deraya kwa mkono wake, Meyrick akaona aina mpya na kuipa jina. Kumbe deraya ilikuwa ileile. Waliotofautiana ni wachoraji. Majina yale yalinakiliwa kitabu hadi kitabu kwa zaidi ya karne.

Dawa ilitoka kaburini. Tarehe 27 Julai 1361, jeshi la Mfalme Valdemar IV wa Denmark liliwaua wakulima wa kisiwa cha Gotland nje ya kuta za mji wa Visby. Maiti zilitupwa katika makaburi ya halaiki, nyingine zikiwa na deraya mwilini. Wachimbaji wa karne ya 20 walikuta mifupa ya watu 1,185.

Bengt Thordeman, aliyechapisha matokeo mwaka 1939 na 1940, alikuwa na kazi ya kuumiza kichwa. Baadhi ya deraya zile zilikuwa vizibao vya ngozi au kitambaa, na mabamba ya chuma yamepigiliwa ribiti upande wa ndani. Ngozi ilikwisha kuoza. Kilichobaki ni vipande vyenye kutu, vingine vimegandana. Basi vikachorwa jinsi vilivyolala, tundu kwa tundu, hadi mpangilio wa ribiti ukaonyesha bamba lipi lililalia lipi na kizibao kilifungwa wapi. Mwanaanatomia Bo Ingelmark naye akasoma makovu ya mifupa: miguu ilikuwa imekatwakatwa vibaya. Ngao haifiki kwenye muundi.

Hapo msomaji anaweza kubishana na mwandishi kwa ushahidi uleule. Vitabu vingi vya silaha havimpi nafasi hiyo.

Alan Williams, katika kitabu chake kinene cha mwaka 2003, aliingia ndani ya chuma chenyewe. Kwa hadubini alitambua deraya ipi ni chuma laini na ipi ni chuma cha pua kilichochomwa kikazamishwa kwenye maji ili kikazane. Si kitabu cha kusoma kitandani.

Kwa upande wa panga yupo Ewart Oakeshott. Aina alizoziainisha zinaanzia namba X, kwa sababu namba za chini zilishatumiwa kwa panga za Waviking. Alitazama umbo la ubapa, mfereji wake na ncha. Aina ya XV, kwa mfano, ina ncha kali na mgongo ulioinuka katikati, umbo la kuchoma penye upenyo wa mabamba. Mwaka 1991 alirudi tena na picha za panga moja moja, akarekebisha baadhi ya tarehe zake mwenyewe, jambo ambalo waandishi wa fani hii hawalifanyi mara nyingi.

Anayeanza leo aanze na Claude Blair, kitabu cha mwaka 1958 kuhusu deraya za Ulaya, kisha Oakeshott. Thordeman amtafute maktabani. Meyrick amsome mwisho, na majina yake ya deraya asiyatumie.