Kumjibu Mpinzani Kabla Hajacheza

Sataranji ya kuandikiana haina haraka. Kwenye tovuti ya Lichess wachezaji hukubaliana kupeana siku 1 hadi 14 kwa kila hatua, na mchezo mmoja waweza kula miezi. Ndani ya subira hiyo mna kazi ninayoistahi kuliko hata mashambulizi ya kusisimua: kupanga majibu mapema. Unaiagiza programu kwamba akicheza hivi, ijibu vile, kisha unaenda zako. Akicheza ulivyotabiri, jibu linamfikia papo hapo, hata kama wewe umelala.

Kazi hii ilikuwapo tangu enzi za kadi za posta. ICCF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu lililoundwa mwaka 1951, huandika hatua kwa tarakimu: 5254 ni kutoka e2 kwenda e4, hivyo Mrusi na Mbrazili huelewana bila kujuana lugha. Chini ya hatua yake mtu aliongeza sharti, na kila sharti lililokubaliwa liliokoa majuma ya kusubiri posta. Lakini lilimfunga aliyeliandika, tena mpinzani alilisoma waziwazi. Mtandaoni mpango wako hauonekani, na unaweza kuufuta mradi mwenzako hajacheza.

Hatari kubwa ya kadi ilikuwa kuandika "lolote". Tuseme nyeupe ameanza kwa askari d4. Nyeusi anajibu g6, na kwa kuwa nia yake ni kumweka askofu g7, anaongeza: cheza lolote, askofu wangu anakwenda g7. Nyeupe anampeleka askofu wake h6! Siku nyingine angeliwa pale pale. Leo nyeusi ameshaahidi g7. Anakwenda, analiwa, na ngome yake ya h8 haina pa kukimbilia.

Ustadi wenyewe huonekana vizuri katika ufunguzi wa Ruy Lopez. Askofu wa nyeupe anapomla farasi wa c6, nyeusi kwa kawaida hulipiza kwa askari wa d au wa b. Matawi mawili tu, yanapangika. Akila kwa askari wa d, askari wake wa e5 anabaki bila mlinzi, na mwenye pupa huandika mara moja: farasi ale e5. Fundi huhamia kwanza upande wa pili wa ubao na kumchezea mpinzani kwa moyo wote. Hapo anamwona malkia mweusi akitua d4, akiwatishia farasi na askari wa e4 kwa pamoja, na faida yote inarudi. Kwa hiyo anapanga mfalme akae g1 na ngome f1, hatua ambayo Bobby Fischer aliihuisha Havana mwaka 1966. Sasa tishio la e5 ni la kweli: malkia akija kula e4, ngome itasogea e1 na kumbana mbele ya mfalme wake.

Kisha fundi anaacha hapo. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo chake, maana kuongeza matawi ni rahisi, na kila tawi la mbali hupimwa kwa macho yaliyochoka.

Ukitaka kujaribu, anza pale mpinzani ana hatua moja tu halali, au pale ambapo kuliwa lazima kulipizwe. Ukiona ana njia tano nzuri, usipange kitu, subiri acheze.