Neno DAWA Ukutani

Ukitaka kumpima fundi wa mabango, mpe ukuta wa duka la dawa za mifugo aandike neno DAWA. Hapa Somanda, mjini Bariadi, kwenye mkoa wa pamba na ng'ombe, neno hilo halikosi kazi. Akilijaza rangi tupu, makosa madogo yatajificha. Akichora kingo tu, matumbo ya herufi yakabaki rangi ya ukuta, na kwenye ncha akaweka serifu, vile vimiguu vya mapambo, hana pa kujificha.

Mtindo wenyewe ni wa zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19 wachongaji wa herufi wa London, Vincent Figgins akiwa mmojawao, walianza kutoa herufi nene na zenye vivuli, kwa kuwa matangazo ya mitaani yalikuwa yakigombania macho ya wapita njia. Mwaka 1922 huko Marekani ikatoka Goudy Handtooled, iliyopitishiwa mstari mweupe ndani ya wino. Wale walikuwa na herufi za risasi na mitambo. Fundi wetu ana chaki, uzi na brashi bapa.

Kazi ngumu ni nafasi. Mguu wa kulia wa A na mkono wa kwanza wa W vinalala upande mmoja, kwa hiyo anayepima kwa rula ataacha ufa mpana wa mshazari, na msomaji ataona DA, kisha WA. Fundi mzuri huisogeza W mpaka bega lake linapita juu ya kimguu cha A bila kukigusa. Halafu kuna mtego wa herufi tupu: pengo kati ya herufi mbili likilingana na upana wa tumbo la herufi, jicho hulisoma pengo kama herufi nyingine. Lazima aamue upana wa mapengo mapema, kabla hajafungua kopo la rangi.

D nayo ina tabia yake. Mstari wa ndani wa mgongo wake ni mfupi kuliko wa nje, na haipaswi kuonekana kama mmoja umenakiliwa kutoka kwa mwenzake. Mkono ukisita katikati ya mviringo, kovu linabaki. Kivuli, kama kipo, mafundi wengi wa zamani hukiweka kushoto na chini. Si urembo tu: herufi kama E na F zimefunguka kulia, hivyo upande wa kushoto unamalizwa kwa mchoro mmoja mrefu.

Mimi ningemlipa fundi zaidi kwa nafasi zile kuliko kwa rangi.

Na anajua pa kuacha madoido. Namba ya simu huiandika chini kwa herufi nene za kawaida. Mwenye ndama anayehara hana muda wa kutenganisha 3 na 8.