Pimbi wa Zaburi ya 104

Kila ifikapo Sikukuu ya Mavuno, sharika zetu nyingi husoma Zaburi ya 104. Mbele ya madhabahu kumejaa ndizi, mahindi na kuku waliofungwa miguu, kwaya zimejipanga, na zaburi hii ya sifa inafaa kabisa. Lakini tukiri kwamba mara nyingi tunaisoma kama pambo la ibada. Tunachukua mistari inayopendeza, tunaacha mingine, kisha tunakwenda kwenye mnada.

Tukiisoma kwa utulivu, tunaona kwanza kwamba mtunzi haridhiki kusema kwa jumla kuwa dunia ni nzuri. Yeye hutaja. Mstari wa 11 una punda-mwitu wanaokata kiu, wa 12 una ndege katika matawi, wa 17 una korongo na makao yake. Katika wa 18 wapo wibari, ambao wengi wetu tunawaita pimbi, wamekimbilia miambani. Pimbi hakuwa na faida kwa mkulima wa Israeli. Tena Walawi 11 inamhesabu miongoni mwa wanyama najisi. Hata hivyo mtunzi amemwona, akajua anakoishi, akamtia katika sifa za Mungu. Amemtazama bila kuuliza kwanza kama analiwa au anauzwa.

Pili, zaburi hii haiogopi giza. Mstari wa 20 hadi wa 23 unasema usiku nao ni wa Mungu. Simba huutumia kutafuta chakula, na jua likichomoza wanarudi kulala, ndipo mwanadamu anatoka kwenda kazini hadi jioni. Jembe letu limewekwa katika wimbo mmoja na mawindo ya simba. Hapo tunakumbuka Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, tuliyoikariri darasa la Kipaimara, inavyotaja hata nguo na viatu miongoni mwa vipawa vya Mungu.

Sisi wenyewe tulichelewa kuielewa zaburi hii. Mwaka mmoja tuliongoza ibada ya mavuno, tukasoma hadi mstari wa 28, Mungu anapofumbua mkono wake na viumbe kushiba, tukafunga Biblia. Baada ya ibada mama mmoja, aliyekuwa amemzika mwanawe wiki chache kabla, alitusubiri mlangoni.

“Mchungaji, mbona mmeishia njiani? Mstari unaofuata ndio wangu.”

Mstari wa 29 unasema juu ya Mungu kuficha uso wake, na viumbe kurudi mavumbini. Tuliuacha ili tusiharibu furaha ya siku, kumbe tulimwacha yeye nje ya ibada. Kisha akatueleza kwamba asubuhi moja, msiba ukiwa bado mbichi, aliona pimbi na mtoto wake wakiota jua juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Akajikuta anatabasamu, halafu akaona aibu, kana kwamba amemsaliti marehemu. “Kumbe vyote viwili vimo humu,” alisema, akiigusa Biblia yake.

Ndivyo ilivyo. Pimbi yuko mstari wa 18, kaburi liko wa 29, na katika wa 30 Roho wa Mungu anaufanya upya uso wa nchi. Wimbo unaosifu uzuri huku ukificha kaburi haumfai aliyefiwa. Zaburi hii inamfaa, kwa kuwa inampa ruhusa ya kulia na ya kutabasamu, bila kumlazimisha kuchagua moja.

Umebaki mstari wa 35, wa mwisho, unaoomba wenye dhambi waondoke duniani. Unatukwaza, na kalenda mojawapo ya masomo inayotumiwa na makanisa mengi huiruka nusu yake ya kwanza siku ya Pentekoste. Tunaona si vyema kuiruka. Aliyeipenda dunia kwa kuitazama lazima aumie inapoharibiwa. Nasi tunaokata miti kwenye chanzo cha maji Jumamosi na kuimba sifa za uumbaji Jumapili, tusidhani mstari huo unamsema jirani.

Basi mavuno yajayo tuisome mistari yote 35. Na asubuhi ya siku hiyo, kabla ya kwenda ibadani, tusimame kidogo nyuma ya nyumba tutazame kilichopo.